Kisumu hadi Entebbe: Kilomita 255 au 802?

Kutoka Kisumu hadi Entebbe ni kilomita ngapi kwa ndege? Swali rahisi, sivyo? Fungua kikokotoo chochote cha umbali kwenye wavuti, andika majina ya miji hiyo miwili, bonyeza kitufe, na kufumba na kufumbua utapewa jibu: takriban kilomita 255.

Sasa mchukue msafiri ambaye tiketi yake inampitisha Nairobi. Ataruka kilomita 280 kuelekea mashariki, ashuke, asubiri, apande ndege nyingine, kisha aruke kilomita 522 kurudi magharibi. Jumla ni kilomita 802, zaidi ya mara tatu ya jibu la kikokotoo. Akikaa dirishani na mawingu yakimruhusu, huenda akaliona tena ziwa aliloliacha asubuhi.

Majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza ni umbali wa dunia, la pili ni umbali wa safari. Sisi watu wa kompyuta tunapenda lile la kwanza kwa sababu linatoka kwenye fomula. La pili linatoka kwenye historia, na kwa upande wa Kisumu historia yenyewe ina kituko: kuna wakati mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mtu aliyetoka Uingereza kwenda Nairobi kwa ndege alifika Kisumu kwanza, na Nairobi ndiyo iliyofikiwa kwa ndege ndogo ya kuunganishia. Twende polepole.

Hesabu kwanza

Kisumu ni mahali pazuri sana pa kujifunzia hesabu za umbali. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kama kilomita 10 tu kusini yake. Ukipanda kwenda Maseno unauvuka mstari wenyewe. Faida yake ni kwamba hapa digrii moja ya longitudo na digrii moja ya latitudo zinakaribiana kwa urefu, kama kilomita 111 kila moja. Ukienda London, digrii ya longitudo inapungua hadi kama kilomita 69, kwa sababu mistari ya longitudo inabanana kadiri inavyokaribia ncha ya dunia.

Kwa hiyo Kisumu hadi Entebbe unaweza kuipiga kwa kalamu. Uwanja wa Kisumu uko longitudo 34.73 mashariki, wa Entebbe uko 32.44. Tofauti ni 2.29. Zidisha kwa 111.3, unapata 255. Tofauti ya latitudo ni ndogo mno, haigeuzi jibu.

Kwa safari ndefu, kalamu haitoshi. Dunia ni mviringo, na njia fupi kati ya sehemu mbili ni tao. Programu nyingi hutumia fomula inayoitwa haversine, ambayo mabaharia waliitumia kwa majedwali tangu karne ya 19, muda mrefu kabla ya kompyuta. Inachukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, jibu linaweza kukosea kwa takriban nusu asilimia. Anayetaka usahihi zaidi hutumia mbinu aliyoichapisha Thaddeus Vincenty mwaka 1975. Kwa haversine, London hadi Kisumu ni takriban kilomita 6,600.

Hizo 6,600 hakuna abiria wa kwanza aliyezisafiri. Hapo ndipo historia inapoanza.

Kwa nini Kisumu?

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Reli hiyo ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 930, ilhali Mombasa hadi Kisumu kwa mstari wa moja kwa moja ni kama 700. Tofauti hiyo ya kilomita 230 ni milima, bonde la ufa na kona za wahandisi.

Pamoja na reli kulikuwa na bandari, meli za ziwani, karakana na ofisi za serikali. Kwa hiyo ndege zilipoanza kujaribu kuvuka Afrika, Kisumu ilikuwa tayari na vitu ambavyo ndege inavihitaji chini: mafuta yanayoweza kuletwa kwa garimoshi, mafundi wa chuma, simu ya maandishi na kitanda cha abiria. Mwaka 1920, marubani wa Afrika Kusini Pierre van Ryneveld na Quintin Brand walipokuwa wakijaribu kufika Cape Town kutoka Uingereza kwa ndege aina ya Vickers Vimy, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyao. Mwaka 1927 Kapteni T. A. Gladstone alijaribu kuanzisha usafiri wa barua kwa ndege ya kuelea kati ya Khartoum na Kisumu. Ajali zilikatisha jaribio hilo, lakini wazo halikufa.

Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari ya kila wiki kutoka London kuelekea Afrika Mashariki, mwisho wake ukiwa Mwanza. Mwanzoni mwa 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town, safari ya siku 11 hivi.

Kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege aina ya Short Calcutta. Hizi zilikuwa na tumbo kama la mashua: zinaruka kutoka majini na kutua majini. Zilikuwa na injini tatu, nafasi ya abiria 15, na mwendo wa kawaida wa kama kilomita 156 kwa saa. Ziliweza kwenda takriban kilomita 1,050 kabla ya kuishiwa mafuta, na hakuna rubani mwenye akili anayetaka kuufikia mwisho huo. Njia ilipofika Cape Town, Kisumu ndiyo ilikuwa mahali pa kubadilishia: abiria walishuka kwenye ndege ya majini na kupanda ndege ya magurudumu, iliyoendelea Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na kwenda kusini.

Kwa lugha yetu, Kisumu ilikuwa kiunganishi cha mifumo miwili isiyoelewana. Mfumo mmoja ulitaka maji, mwingine ulitaka ardhi tambarare. Kisumu ilikuwa na vyote.

Njia inayofuata maji

Tuangalie kipande cha kaskazini, kati ya Juba na Kisumu. Kwa mstari wa moja kwa moja ni takriban kilomita 650, ndani ya uwezo wa Calcutta. Lakini mstari huo unapita juu ya nchi kavu kwa sehemu kubwa ya safari. Injini ikizima huko, ndege yenye tumbo la mashua haina pa kutua.

Kwa hiyo njia ilifuata maji. Kutoka Juba ndege zilikwenda Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha Port Bell karibu na Kampala, kisha zikavuka upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria na kuingia Ghuba ya Winam hadi Kisumu. Nimepiga hesabu ya vipande hivyo kwa mstari ulionyooka:

Juba hadi Butiaba: kilomita 339
Butiaba hadi Port Bell: kilomita 225
Port Bell hadi Kisumu: kilomita 235

Jumla ni kama kilomita 800. Yaani kilomita 150 za ziada, ongezeko la asilimia 23, ndizo zilikuwa bei ya usalama. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichotafutwa hakikuwa njia fupi kuliko zote, bali njia fupi miongoni mwa zile ambazo mtu anaweza kuishi injini ikimgomea.

Halafu kulikuwa na siasa. Kwa sababu ya mvutano na Italia kuhusu ruhusa ya anga, kwa miaka kadhaa abiria wa njia hii walipanda garimoshi kutoka Paris hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, ndipo wakapanda ndege tena. Tiketi iliandikwa kampuni ya ndege, lakini sehemu nzima ya Ulaya ilipita dirishani mwa behewa. Kikokotoo chako hakina kisanduku cha kuingiza jambo kama hilo.

Nairobi ilipounganishwa kupitia Kisumu

Mwaka 1937 ndege mpya zilichukua njia nzima. Hizi ni zile kubwa za Short za daraja la C, injini nne, mwendo wa kama kilomita 265 kwa saa. Zilitoka Southampton hadi Durban bila abiria kulazimika kupanda ndege ya magurudumu. Tarehe 29 Juni 1937 zilianza pia mpango wa barua wa dola ya Uingereza: barua ya kawaida kwenda Afrika ilibebwa kwa ndege kwa peni moja na nusu, bila ada ya ziada.

Kutoka Kisumu ndege hizo zilikwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam, Lindi na kuendelea pwani ya Msumbiji. Hebu fikiria kipande cha Kisumu hadi Mombasa: kilomita 700 juu ya nchi kavu, kuvuka bonde la ufa, kwa ndege isiyo na magurudumu! Ni kama saa 2 na dakika 40 za kuziamini injini zako.

Na Nairobi je? Nairobi haina ziwa la kutosha kutua ndege kama hiyo. Kwa hiyo mji mkuu wa koloni uliachwa nje ya njia kuu. Abiria wa Nairobi alishuka Kisumu na kuunganishwa kwa ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Kilomita zile zile 280 ambazo leo zinamchukua mtu wa Kisumu kwenda kutafuta ndege ya ng'ambo, wakati huo zilimchukua mtu wa Nairobi kwenda kutafuta ndege ya ng'ambo. Njia ile ile, mshale umegeuzwa.

Kosa la mwelekeo

Kabla hatujaendelea, kisa kimoja kwa wale wanaodhani umbali ndio kila kitu. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya daraja la C iliyoitwa Corsair, ikiwa safarini kutoka Durban kurudi Southampton, iliondoka Port Bell kwenda Juba. Ni kama kilomita 520, kipande kifupi kwa ndege ile. Lakini kifaa cha kutafuta mwelekeo kwa redio kilikuwa na hitilafu. Ndege ikapotea, mafuta yakaanza kuisha, na Kapteni E. S. Alcock akaishusha kwenye mto mdogo wa Dungu, karibu na Faradje, ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Hapo ni zaidi ya kilomita 200 kusini-magharibi ya Juba. Tumbo la ndege likapasuliwa na mwamba, lakini watu walinusurika.

Kuitoa ilichukua miezi kumi hivi. Ilipotengenezwa ikajaribu kuruka, ikagonga mwamba tena. Mwishowe mto ukajengewa bwawa ili maji yapande na kutosha kurukia, na tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikaondoka. Umbali ulikuwa sahihi kwenye karatasi tangu mwanzo. Pembe ndiyo haikuwa sahihi. Mwenye kuandika programu za ramani alikumbuke hilo: umbali bila mwelekeo ni nusu ya jibu.

Vita, kisha lami

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Mediterania ilifungwa kwa ndege hizi. Njia ikapinda na kuwa kama kwato ya farasi: kutoka Durban kupanda Afrika Mashariki kupitia Kisumu, Khartoum na Cairo, kisha Basra, Karachi, Calcutta na Singapore hadi Sydney. Barua ya kutoka Uingereza ilikwenda kwa meli hadi Durban, ndipo ikapanda ndege. Kwa kipindi hicho, mpaka Singapore ilipoanguka Februari 1942, Kisumu ilikuwa kituo kwenye njia ya kwenda Australia.

Lakini vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoua ndege za majini. Majeshi yalijenga viwanja vya ndege kila upande wa dunia, na viwanda vikatengeneza ndege za magurudumu zenye kwenda mbali zaidi na kwa mwendo mkubwa zaidi. Ndege ya majini hubeba tumbo zito la mashua kila inakokwenda, na tumbo hilo hupunguza mwendo. Mara tu barabara za kurukia zilipopatikana, faida yake ikaisha. Baada ya vita kampuni ya BOAC ilitumia ndege za majini aina ya Solent, lakini kituo cha Kenya hakikuwa tena Kisumu bali Ziwa Naivasha, karibu zaidi na Nairobi. Hata hilo halikudumu: mwishoni mwa 1950 safari hizo zilikoma na ndege za magurudumu zikachukua nafasi.

Tarehe 9 Machi 1958 uwanja wa Embakasi ulifunguliwa Nairobi, ndio uliokuja kuwa Jomo Kenyatta. Uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Hewa nyepesi maana yake injini na mabawa hupata nguvu kidogo, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Dawa yake ni lami ndefu: barabara ya kurukia ya Nairobi ina zaidi ya kilomita 4. Kwa maneno mengine, Nairobi ilishinda kwa kujengewa kile ambacho Kisumu ilipewa bure na ziwa.

Ramani haikubadilika

Tukirudi kwenye zile kilomita 255 na 802. Tangu 1931 Kisumu haijasogea. Entebbe haijasogea. Haversine inatoa jibu lile lile. Kilichobadilika ni mtandao: vituo vipi vipo, na ni mistari ipi inayoviunganisha.

Mwaka 1959 Edsger Dijkstra alichapisha algorithimu yake ya kutafuta njia fupi kwenye mtandao wa aina hiyo. Uzuri wake ni kwamba haiulizi sehemu mbili ziko karibu kiasi gani kwenye ramani. Inauliza tu: kutoka hapa, mistari ipo kwenda wapi? Futa mstari mmoja, na jirani yako anakuwa mgeni wa mbali. Ongeza mmoja, na ziwa zima linajikunja.

Mistari ya ziwa letu imefutwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la ndege la pamoja, East African Airways, likafa nayo, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kisumu hadi Mwanza ni kilomita 330 kwa mstari. Kupitia Nairobi ni kama 740. Wakati mpaka umefungwa, unaweza kuandika tarakimu yoyote unayopenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 uwanja wa Kisumu ulipanuliwa, barabara ya kurukia ikaongezwa kutoka kama kilomita 2 hadi kilomita 3.3, na uwanja ukapewa hadhi ya kimataifa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini lami ni kituo, siyo mstari. Mstari unahitaji ruhusa ya nchi mbili, forodha na uhamiaji wa kila siku, na abiria wa kutosha kujaza viti. Nchi za Afrika zilikubaliana Yamoussoukro mwaka 1999 kufunguliana anga, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Kati ya kutia saini na ndege kupaa kuna mwendo ambao nao haversine haiujui.

Na hili si la ndege peke yake. Kisumu hadi Mbita ni kama kilomita 70 kwa mstari unaopita juu ya ghuba. Matatu haipiti juu ya ghuba. Inazunguka kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Mama mwenye gunia la omena anajua tofauti hiyo kwa nauli, bila fomula.

Kwa waandishi wa programu

Basi ukitengeneza tovuti au programu ya simu inayoonyesha umbali, tafadhali usimpe mtumiaji tarakimu moja ukanyamaza. Weka mbili: umbali wa mstari, na umbali wa safari kwa mistari iliyopo siku hiyo. Kisha onyesha uwiano wake. Juba hadi Kisumu miaka ya 1930: 1.23. Kisumu hadi Mwanza kupitia Nairobi: 2.2. Kisumu hadi Entebbe kupitia Nairobi: 3.1.

Uwiano huo wa mwisho ndio wa kuutazama. Ndege ya 1931 yenye mwendo wa kilomita 156 kwa saa, ikizunguka ili isiache maji, iliweza kuvuka kutoka Port Bell hadi Kisumu kwa saa moja na nusu. Msafiri wa leo anayepitia Nairobi yuko ndani ya ndege yenye kasi mara kadhaa zaidi, na bado huenda saa hiyo na nusu ikamkuta amekaa kwenye benchi la kusubiria. Injini zimeshafanya kazi yao, na kilichobaki ni kuurudisha mstari.